Mama Zuurakan Hakupoteza Ule Mfuko

Umetimia mwaka, Mama, tangu asubuhi ile ya Aprili tulipokutoa nyumbani, theluji ikiwa bado imelala upande wa kivuli wa zizi. Jumamosi hii watu watakuja kwa hitima yako ya mwaka. Farasi wa kuchinjwa amekwisha kuchaguliwa, masufuria makubwa tumeazima kwa majirani, na wifi amefika kutoka mjini kusaidia kukaanga maandazi. Kila kitu kiko tayari isipokuwa mimi.

Majina yaliyo juu na chini ya tangazo hili ameyaandika Baba Meerim, mwanao. Unajua mwenyewe kwamba mimi, mkwe wako, kwa desturi yetu silitaji jina lako. Miaka kumi na miwili nimekaa chini ya paa lako na sijalitaja hata nikiwa peke yangu zizini. Yaliyo katikati ni yangu. Mhariri wa gazeti la wilaya alipoziona karatasi zangu alivua miwani.

"Dada yangu, kumbukumbu huwa mistari kumi na picha."

"Kwa hii, mistari kumi haitoshi."

"Kila mtu husema hivyo." Akaanza kusoma akiwa amesimama. Baadaye akaketi. Alipomaliza alisema atatafuta nafasi, na hakuniangalia usoni.

Watu wa kijiji chetu wanakukumbuka kwa wema, Mama. Lakini kila anayekusifu humalizia kwa kushusha sauti: "Maskini, mwishoni kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka." Hata imamu wetu alisema hivyo siku ya mazishi, kwa huruma, akikuombea. Umezikwa na sifa hiyo. Si kweli, na aliyejua kwamba si kweli nilikuwa mimi peke yangu. Nataka hilo lijulikane kabla mtu yeyote hajanyoosha mkono kwenye sahani Jumamosi.

Ila kwanza wakukumbuke ulivyokuwa.

Ulishona miaka thelathini na mmoja katika nyumba ya ushonaji ya wilaya, mpaka ilipofungwa. Siku hiyo ulirudi nyumbani na cherehani yako moja, na mkono usioweza kutupa kitambaa chenye upana wa kidole. Shuka likichakaa katikati ulilipasua, ukazigeuza kingo zikawa ndizo katikati, ukashona upya. Likichakaa tena likawa foronya, kisha nepi, kisha kitambaa cha kupangusia kioo cha taa. Soksi ndefu za nailoni zilizotoboka ulizijaza vitunguu ukazitundika ukutani. Masalia ya sabuni uliyakusanya kwenye soksi nyingine pale penye beseni la kunawia, na sote tuliinawia hiyo, pamoja na wageni. Mifuko ya plastiki uliiosha kwa maji ya uvuguvugu na kuianika kambani kwa vibanio.

Mifuko hiyo ilinitesa. Nikiona gari la mgeni linakata kona ya shule nilikimbilia kambani nikaianua kabla hajashuka. Ulikuwa unanitazama dirishani ukicheka mpaka mabega yanatikisika.

"Mkwe wangu anaficha mifuko kama wenzake wanavyoficha pombe," ulimwambia Bi Uulkan, jirani yetu.

"Mwache," Bi Uulkan akajibu. "Wa mjini huyo. Akizeeka ataianika mwenyewe."

Ni kweli nilikulia mjini, kwenye ghorofa, ambako taka tuliziteremsha kwenye bomba zikaenda zake na hakuna aliyeuliza zimefikia wapi. Nilipoolewa hapa nilidhani ni umaskini unaokutuma. Haukuwa umaskini. Zizi lilikuwa na ng'ombe sita. Ulikuwa unawapenda watu waliokuwa wamevivaa vile vitu, na mimi sikuliona hilo.

Watoto waliliona. Hakuna kitu kilichotoka nyumbani mwako bila Meerim na Aruuke kukihoji. Jumapili baada ya chai mlikaa chini, wewe na mkasi, wao na rundo. Meerim, ambaye ni mkubwa na hupenda kuwa hakimu, aliinua soksi kwa ncha za vidole.

"Soksi, ulikuwa nani?"

"Nilikuwa soksi ya Baba," Aruuke akajibu kwa sauti nzito, amejificha nyuma ya mlango. "Nimechoka. Baba ananuka miguu."

"Na sasa unataka kuwa nani?"

"Nataka kuwa chai!"

"Chai haishonwi, mjinga wewe. Bibi, mwambie chai haishonwi."

"Haishonwi," ulisema bila kuinua macho kwenye sindano. "Jibu tena, soksi."

"Basi sungura."

Ikawa sungura, mwenye jicho moja la kifungo cha koti na jingine la kifungo cha shati. Kitu kilichohojiwa mara tatu bila jibu ndicho pekee kilichoruhusiwa kutupwa, na katika miaka yote ile sikumbuki kama vilifika vinne. Sweta za watoto mlizifumua pamoja, Aruuke amenyoosha mikono mbele kama mtu aliyekamatwa, wewe ukizungusha uzi wa sufu kuizunguka, na Meerim akiuosha na kuutundika na kijiwe chini yake ili unyooke. Sweta ya Meerim ya mwaka wa kwanza wa shule iliwahi kuwa ya baba yake, na kabla ya hapo ilikuwa shali yako. Ulimwonyesha mahali rangi zilipobadilika, ukamwambia huyu hapa ni nani na huyu ni nani. Hukuwahi kumpiga mtoto kwa kupoteza kitu. Ulimtuma tu akakitafute, na ukaenda naye.

Kati ya Aruuke na mdogo wake mimi nilipoteza mimba mbili. Hukunisemesha juu ya hilo kwa maneno. Uliniletea supu, ukaniondolea ndoo mikononi. Mimba ya tatu ilipotimiza miezi mitatu, mwezi wa Agosti, ulichukua mfuko wa unga mtupu, ukauosha mpaka maandishi yakafifia, ukawashika wasichana wawili mkono huku na huku, mkatoka kwenda kuomba vitambaa vya shati la arobaini.

Kwetu kila mtoto huvikwa hilo siku ya arobaini, baada ya kuogeshwa kwa vijiko arobaini vya maji: shati la vipande arobaini, kutoka nyumba arobaini, ili nyumba zote hizo ziwe zimemshika. Siku hizi wengi hununua kitambaa sokoni wakakikata wenyewe vipande arobaini. Wewe hukutaka kusikia. Ulitaka nyumba zenye watoto wengi, na wazee waliofika mbali. Kwa mzee Kalyk, aliyezikwa na miaka tisini na minne, ulikuwa na kipande cha kile kitambaa kinachochanwa na kugawiwa waliokuja kuzika. Ulikihifadhi miaka saba ukimngoja mtoto wa kumpa.

Meerim aliniigizia mlivyopita kwa Bi Uulkan.

"Chukua cha gauni langu la harusi," Bi Uulkan alisema. "Bado lilikuwa linanitosha juzi."

"Lilikutosha mkono upi?" ukamwuliza.

"Mkono wa kukupiga nao!"

Mkacheka mpaka mbwa akabweka. Kila kipande ulikijua. Ungefumbwa macho ungekitambua kwa vidole: hiki cha fulani, hiki cha kitinda mimba wa fulani. Septemba ulipotea siku nzima. Ulipanda gari la asubuhi kwenda mjini ukasema unakwenda kwa daktari wa macho. Ulirudi jioni bila miwani mipya, na hatukuuliza.

Sasa nafika kwenye langu.

Ilikuwa Novemba, mimba ya miezi sita. Rafiki zangu watatu niliosoma nao walikuwa wanakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza tangu harusi. Nilisafisha siku mbili. Baba Meerim alikuwa amekwenda kuleta makaa ya mawe, na wewe uliwachukua watoto kwa Bi Uulkan kuchambua sufu, ili nisibanwe. Nyuma ya rundo la magodoro na mablanketi tunayoyapanga ukutani mchana palikuwa na mifuko mitano, na rundo lilikuwa limeinama kwa sababu yake. Nilitaka lisimame wima. Nilifungua mifuko miwili, nikaona matambara. Mitatu sikuifungua. Nikaitia yote mitano kwenye moto wa jiko, mmoja baada ya mwingine. Vilikuwa vitambaa vikavu, viliwaka vizuri, na chumba kikapata joto kabla wageni hawajafika.

Walikula, wakaisifu nyumba. Mmoja alisema, "Sikutegemea kijijini pawe pasafi hivi." Nilifurahi sana siku ile, Mama. Na hilo nalisema.

Kesho yake mchana ulikuwa umeteremsha magodoro yote sakafuni.

"Mwanangu, umeuona mfuko wa mtoto?"

Nilijua papo hapo. Nikafikiri: nikitamka kwa mdomo wangu kwamba nimelichoma shati la mwanangu, na huyu naye ataondoka. Nikaweka mkono tumboni.

"Sijauona, Mama. Niliyoichoma niliifungua yote, ilikuwa matambara matupu."

Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na wanawake waliopoteza mimba watanielewa. Lakini hofu ilikaa wiki moja, labda mbili. Baada ya hapo ilikuwa aibu tu. Niliona aibu ya kuwa mkwe aliyetia motoni nyumba arobaini bila kufungua mfuko, na kila siku iliyopita ilifanya neno liwe zito zaidi kulitoa.

Uliwauliza watoto. Aruuke alikimbilia mezani akashika mkate.

"Mkate unipige kama nimeugusa!"

"Usiape kwa mkate, mwanangu," ulimwambia, ukamtoa mkono taratibu. "Bibi ndiye aliyeuweka mahali. Bibi atakumbuka."

Hukukumbuka, kwa sababu hapakuwa na cha kukumbuka. Ulitafuta zizini, ghalani, chini ya sakafu ya baraza. Ulikwenda kwa Bi Uulkan.

"Wiki iliyopita ulipouleta kunionyesha, uliondoka nao hapa, nilikuona kwa macho yangu," alisema.

"Basi nimeuangusha njiani."

"Mfuko mkubwa vile? Utauangushaje usisikie?"

Mimi nilikuwepo, nikimsaidia Bi Uulkan kukata tambi. Kisha ukasema, "Mama yangu naye alianza hivihivi."

Hapa kila mtu anakijua kisa cha mama yako. Uzeeni alichukua ndoo akaenda kumkamua ng'ombe aliyekufa miaka kumi nyuma, na alikutwa mtoni, amekufa maji. Wewe ndiwe uliyemwona wa kwanza. Hakuna kitu duniani ulichokiogopa kama hicho. Hukuogopa kufa. Mimi nililijua hilo pia, na niliendelea kukata tambi.

Uliniletea kopo la sindano. "Kaa nalo wewe. Nikisahau moja kwenye godoro, itawachoma watoto." Ukaacha kuwasha jiko. Ukafunga uzi kidoleni kukumbuka dawa, na uzi mwingine kukumbuka ule wa kwanza ni wa nini. Ukamwomba Meerim aandike vibandiko vya kitambaa, ukavifunga kwa uzi kwenye makopo: CHUMVI, SUKARI, MAGADI. Meerim aliandika kwa herufi nzuri na alijivuna, kwa sababu Bibi alikuwa anamhitaji. Jumapili mlikaa na rundo kama kawaida, lakini mkasi alishika yeye. Kijijini wakaanza kukuongelesha kwa sauti kubwa na polepole, kama mgeni.

Wifi akasikia, akaja kukuchukua, akakupeleka kwa daktari mjini. Ulirudi umechoka, ukavua kitambaa cha kichwa, ukaketi karibu na dirisha.

"Ameniuliza mwaka na mwezi. Ameniambia nichore saa, nimechora. Nitoe saba kwenye mia, nikatoa mpaka zikaisha. Anasema niko sawa."

"Si unaona!" Baba Meerim akapaza sauti kwa furaha. "Si nilisema?"

"Daktari hajui habari za mfuko," ulisema.

Mimi nilikuwa nimebeba birika. Nililiweka mezani nikatoka nje, nikasimama kwenye theluji bila viatu vya maana mpaka Baba Meerim akaja kuniita. Alidhani ni mambo ya mimba.

Januari ulianza upya. Wakati huo wa mwaka hata mbwa hawatoki, na wewe ulitoka kila siku baada ya Meerim kurudi shule, na mfuko mwingine. Aruuke ulimwacha kwa sababu ya baridi. Nilikuona dirishani ukimkabidhi Meerim mkono wako.

"Nishike vizuri, nisipotee."

Ulikuwa umeishi kijiji hiki miaka hamsini.

Mlango kwa mlango ulisema maneno yaleyale, Meerim ameniambia: "Vile vya kwanza nilivipoteza mimi. Niwieni radhi." Watu walikupa. Walikuhurumia, wakakukaribisha chai, wakamwagiza Meerim akuangalie njiani. Ulirudi umekauka midomo, unakohoa, ukanionyesha vilivyopatikana. Siku moja ulikuja jikoni nikiwa nasukuma unga.

"Mwanangu, kuna kimoja siwezi kukipata tena, na sina budi kukuambia."

"Kipi, Mama?"

"Septemba sikwenda kwa daktari wa macho. Nilikwenda kwa dada yako. Nilimwomba kipande cha gauni la mama yako, lile la maua ya zambarau. Alikuwa amebakiwa na kile tu. Nilitaka kikae kifuani kwa mtoto. Nilitaka iwe siri mpaka arobaini."

Mama yangu alikufa mwaka mmoja kabla sijaolewa. Hakukuona wewe, hakuwaona watoto wangu. Gauni lile nalikumbuka lilivyonusa. Na mimi nilikuwa nimelichoma ili chumba kipate joto.

Nililia nikaketi sakafuni na mikono yenye unga. Ulishuka ukaketi nami, na magoti yako yale, ukanipapasa kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Kichwa changu hiki. Nisamehe." Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Tulikuwa wawili tu, na ungenisamehe kabla sijamaliza. Ningekurudishia akili yako kwa neno moja. Sikusema, Mama. Sijui mpaka leo ni mnyama gani aliyenishika ulimi.

Jibek alizaliwa Februari, mzima, na mapafu ya kuita watu kutoka mlima wa pili. Ulicheka. "Wasichana watatu! Cherehani yangu haitakaa bure." Siku ya arobaini ulimwogesha, Aruuke akihesabu vijiko kwa kelele. Ukamvisha shati ulilolishona kwa sindano nilizokuwa nakukabidhi na kuzihesabu ulipozirudisha. Pale kifuani ulikuwa umeweka kipande cheupe kitupu. Ulimtaka Meerim ahesabu vipande mara tatu, kwa sababu hesabu yako mwenyewe hukuiamini. Vilikuwa arobaini mara zote tatu.

Wiki tatu baadaye hukuweza kuamka. Daktari alisema ni moyo. Mimi nasema ni ile Januari uliyotembea kwenye baridi.

Saa nne asubuhi ulituita tuombane radhi, kama ilivyo kawaida yetu, ili anayekwenda aende mwepesi na anayebaki abaki mwepesi. Alikuwepo Baba Meerim, wifi, Bi Uulkan na watoto. Ilipofika zamu yangu nilipiga magoti nikakushika mkono.

"Mama, uwe radhi nami."

"Niko radhi, mwanangu. Kwa chai yako, kwa mikono yako, kwa watoto hawa." Ulipumzika kidogo. "Nawe uwe radhi nami kwa kile kipande cha mama yako."

Chumba kizima kiliningoja nijibu. Nikajibu.

"Niko radhi, Mama."

Nilikusamehe. Mbele ya watu wote wale nilikusamehe kosa langu, nawe ulinishukuru kwa macho, uso ukalegea. Uliishi mpaka adhuhuri. Bi Uulkan alinikumbatia akasema nina moyo mkubwa. Mwaka mzima watu wameniambia nina moyo mkubwa.

Kila Alhamisi nimekukaangia maandazi ili harufu ikufikie. Nilikuwa nasimama mbele ya mafuta nikikueleza yote haya kimoyomoyo. Lakini huko uliko huhitaji kuelezwa. Wanaohitaji ni waliobaki na picha yako iliyopinda.

Wiki tatu zilizopita nilimwambia Baba Meerim. Alikuwa anashona mkanda wa tandiko la farasi. Aliacha sindano ndani ya ngozi.

"Unajua aliniambia nini Desemba?" alisema. "Aliniambia, nikimwona ameshika ndoo asubuhi, nimfungie mlango. Nimfungie, hata akilia. Nikamwahidi. Mama yangu alinifanya niahidi hivyo."

Alitoka. Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu alirudi akaketi upande wa pili wa meza. "Watoto waambie wewe. Na watu waambie wewe. Mimi sitakusemea."

Aruuke alilia, akauliza kama mkate utanipiga. Nilimwambia umekwisha kunipiga. Meerim, ambaye sasa ana miaka kumi, alisikiliza amekalia mikono yake.

"Kwa hiyo Bibi alikuwa anajua chumvi ni ipi?"

"Alijua."

"Na njia ya kwenda kwa Bi Uulkan?"

"Aliijua kuliko sisi wote."

"Mimi nilikuwa namwambia, 'Bibi, hapa kushoto.' Kila siku nilimwambia. Na yeye ananiambia asante." Akaitoa ile mikono. "Mbona hukuniambia nisimwambie?"

Tangu siku hiyo analala kwenye chumba cha zamani cha wifi. Ana haki.

Kwa hiyo, majirani zangu mtakaokuja Jumamosi: mama huyu hakusahau mfuko, hakuuangusha njiani, hakupotewa na kitu. Alikuwa na akili zake zote mpaka pumzi ya mwisho, na alitumia miezi yake mitano ya mwisho akiogopa kwamba zinamtoka, kwa sababu mimi nilikaa kimya. Mliosema vinginevyo hamkusema uongo. Mlidanganywa. Mnaponyoosha mkono kwenye sahani, semeni lililo kweli juu yake. Juu yangu semeni mnavyoona.

Gazeti hili hutoka Alhamisi. Ijumaa nitapita nyumba zile arobaini, nimwambie kila mmoja kwa mdomo, kwa sababu si wote wanaosoma, na kwa sababu wewe ulipita kwa miguu. Sikumbuki zote ni zipi, na nilipouliza mezani ni nani anayezijua, Meerim alisema anazijua kwa mpangilio. Amesema atakuja kunionyesha. Amesema pia kwamba atatangulia mbele, na nisimshike mkono.

Mama, ile radhi niliyokupa naiondoa. Hukuwa na kosa la kusamehewa. Mwenye kuomba ni mimi, na naomba nikijua hutaweza kunijibu.

Wanaokukumbuka: mwanao Kubat, binti yako Kunduz na mumewe, wajukuu wako Meerim, Aruuke na Jibek, jirani yako Uulkan, na mkwe wako Damira, aliyeuchoma mfuko.

Hukusahau kitu, Mama. Nasi hatutakusahau.